Amefulia, ameshuka daraja, amefukuzwa: Kiingereza chake kipi?

Leo tuongelee Kiingereza kidogo, ila si kile cha ubaoni. Naongelea maneno ya kuanguka: kufulia, kushuka, kuchuja, kupunguzwa kazi. Kwa Kiswahili tunayajua vizuri sana, maisha yenyewe yametufundisha. Tukifika kwenye Kiingereza tunadaka neno la kwanza lililo karibu, na neno hilo linaweza kukukosesha ugali.

Dogo mmoja wa Makambako aliniomba niipitie barua yake ya kuomba kazi kabla hajaituma. Alifanya kazi mwaka mmoja sehemu fulani, mkataba ukaisha, haukuongezwa, basi. Yeye kaandika "I was terminated". Nikamwambia dogo, hapa umejichongea mwenyewe. Meneja akisoma hivyo anaona mtu aliyefukuzwa, anaanza kuwaza uliiba nini. Ilitakiwa tu "my contract ended". Kama wangekuwa wamepunguza watu, hiyo ni "retrenched", neno ambalo wazee wetu walilifahamu vizuri miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipobinafsishwa. Waingereza wao husema "made redundant", neno la asili ya Kilatini lenye picha ya maji yaliyofurika. Yaani hukukosea kitu, ndoo ndiyo ilijaa.

Najua kuna mtu atasema mbona "termination" ipo kwenye sheria. Ni kweli, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inalitumia kwa namna nyingi za kukoma kwa ajira, hata hiyo ya kupunguzwa. Kwa mwanasheria sawa. Kwenye barua ya kazi usithubutu. Na "demoted" ni kitu kingine kabisa: kazi bado unayo, ila jana ulikuwa msimamizi na leo unasimamiwa.

Haya, mpira. Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18, tukatamba, msimu huohuo ikashuka pamoja na Majimaji ya Songea. Kiingereza cha kushuka daraja ni "relegated". Neno hili lina historia tamu. Kwa Warumi wa kale ilikuwa adhabu ya kupelekwa mbali na mji, lakini nyepesi kuliko uhamisho kamili, maana uraia na mali vilibaki vyako. Mwaka 8 baada ya Kristo, Kaisari Augustus alimpeleka hivyo mshairi Ovid mpaka Tomis, pwani ya Bahari Nyeusi, na alifia hukohuko. Kwa hiyo timu iliyo "relegated" haijafa. Jina lipo, jezi zipo, imepelekwa mbali tu na wakubwa.

Sasa pesa. Ukifulia, Kiingereza chako ni "broke". Usiandike "bankrupt", maana hiyo ni habari ya mahakama na wadai. "Bankrupt" imetokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya benchi lililovunjika, benchi la mbadili fedha wa sokoni. Na ajabu ni kwamba neno letu nalo limetoka kwenye sarafu. Kufilisika ni la Kiarabu, limetokana na jina la sarafu ndogo ya shaba: mtu alikuwa na sarafu za fedha, sasa amebaki na za shaba. Ila Kiswahili kimeongeza ujanja wake. Kufilisika kunakupata. Kufilisiwa, kuna mtu amekuja na karatasi na kubeba makochi.

Kwa wanaoandika ripoti za chuo, angalieni tofauti ya "decline" na "collapse". "Decline" ni kuinama taratibu, kama njia inayoteremka bondeni. "Collapse" ni puu! Tazama TAZARA inayopita hapo Makambako. Reli ya kilomita 1,860, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilijengwa ikiwa na uwezo wa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka wa fedha 2014/15 haikufikisha hata tani laki moja. Hiyo ni "decline", na tena "steep decline", mteremko mkali. Ukiandika "TAZARA collapsed" umekosea, maana treni hazikuacha kupita, na Septemba 2025 kampuni ya China, CCECC, ilisaini mkataba wa miaka 30 wa kuifufua na kuiendesha. Kilichokwisha "collapse" huwezi kukipa mkataba wa kukiendesha, unaanza kujenga upya.

Maneno ninayoyapenda zaidi ni ya shambani, na hapa sisi wa Njombe tuna faida kuliko watu wa Dar. "Blight" ni ule ugonjwa unaobabua majani ya viazi wakati wa mvua na ukungu, asubuhi unakuta shamba kama limepigwa moto. Ndio ulioanza kuangamiza viazi vya Ayalandi mwaka 1845, na njaa iliyofuata ikaua watu kama milioni moja. Siku hizi Waingereza wanasema hata mtaa una "blight", nyumba zinachakaa moja baada ya nyingine kama majani. Halafu kuna "gone to seed". Umeona chainizi iliyoachwa mpaka ikatoa maua ya njano? Ipo, imesimama, tena ndefu kuliko zote bustanini, ila mboga hakuna. Ndivyo wanavyomsema mtu aliyejiachia, kitambi, shati halijafungwa vifungo.

Na yule msanii tunayesema amechuja, kama kitenge kibovu kilichofuliwa mara mbili? Kwake kuna neno kali, "has-been". Kwa lugha ya kijiweni, "alikuwaga". Hilo ni tusi, msimwandikie mtu mkadhani mnamsifia kwamba aliwahi kuwa mkubwa. Ukitaka heshima andika "former star", basi.

Wenye Kibena humu ndani, hivi mtu aliyekuwa na ng'ombe wengi akabaki na fimbo tupu mnamwitaje?