Fahamu: Kwa nini wanakijiji hupinga machimbo ya kokoto?

Machimbo ya kokoto ni mahali ambapo mwamba hupasuliwa, mara nyingi kwa baruti, kisha mawe yakasagwa na kupakiwa kwenye malori kwa ajili ya ujenzi. Nchini Kenya, pendekezo la kuyafungua karibu na makazi mara nyingi huzua mvutano.

Wakazi wanahofia nini?

Vumbi kwanza. Hutua juu ya mabati, na mvua ikinyesha huteremka pamoja na maji hadi kwenye tangi la maji ya kunywa. Chembe za mawe yenye silika zikivutwa kwa miaka mingi huharibu mapafu. Mitikisiko ya baruti inaweza kutia kuta nyufa. Kisha kuna mashimo: yasipofukiwa, hujaa maji na watoto huweza kuzama humo. Ni kweli barabara zinahitaji kokoto na vijana wanahitaji vibarua, lakini hofu hizi si za kupuuzwa.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka tathmini ya athari na leseni ya NEMA (Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira), na wakazi wana haki ya kutoa maoni, kwa barua au mkutanoni.

Leseni ikishatolewa?

Asiyeridhika anaweza kukata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Hapo ndipo barua ya pingamizi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na orodha ya waliohudhuria mkutano huhitajika kama ushahidi.