Kasa na Kerengende: Safari ya Mmoja na Safari ya Vizazi

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka huko kuendelea hadi Ujiji, iliunganisha nchi ya miombo na Bahari ya Hindi, lakini wapagazi na wafanyabiashara hawakuwa viumbe pekee waliounganisha sehemu hizo mbili. Mvua zinapoanza Unyamwezi, eneo la Tabora, mnamo Novemba na madimbwi kujaa, huo ndio wakati wa kerengende mhamaji, Pantala flavescens, mdudu wa takriban sentimita 5 ambaye mabawa yake mapana humwezesha kuelea juu ya upepo bila kutumia nguvu nyingi. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyewachunguza kerengende hao Maldives, alieleza kuwa huvuka bahari kutoka India hadi Afrika Mashariki wakifuata ukanda wa mvua, yaani eneo ambako pepo za kaskazini na za kusini hukutana.

Kasa wa kijani, Chelonia mydas, anayetaga katika fukwe za kisiwa cha Juani huko Mafia, husafiri katika bahari hiyohiyo kwa namna nyingine kabisa. Jike hufukia mayai yapatayo 100 au zaidi, ambayo huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Anayesalimika hukua kwa miongo kadhaa kabla ya kuzaa, kisha hurejea kutaga karibu na alikozaliwa, akiongozwa kwa sehemu na usumaku wa dunia.

Kerengende hana muda huo. Hutaga katika maji ya muda, ambako samaki wa kuwala watoto wake ni wachache, na lava, yaani mtoto anayeishi majini, huweza kukomaa kwa wiki sita hivi, kabla dimbwi halijakauka. Hakuna kerengende mmoja anayekamilisha mzunguko wote: aliyevuka bahari hufa, na wazao wake ndio wanaoendeleza safari.

Kwa hiyo, hatari zinazowakabili hazilingani. Kuchinjwa kwa kasa jike mmoja aliyekomaa hupoteza miongo ya ukuaji isiyofidiwa upesi, ilhali kerengende, ambaye idadi yake huweza kuongezeka katika msimu mmoja, hutegemea zaidi mvua kunyesha kwa wakati wake na madimbwi kubaki na maji hadi lava wapate mabawa.