Mwalimu Mmoja, Skuli Tatu



Wengi wenu mtakumbuka neno lililozuka mwishoni mwa mkutano wetu uliopita, wakati watu walikwisha kuanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Mwenzetu mmoja, ambaye wachumaji wake wa miaka mingi hutoka visiwa vidogo, alisimama akauliza: je, jumuiya haiwezi kusaidia nauli na malazi ya mwalimu wa hesabu, ili mwalimu mmoja asomeshe skuli tatu zilizo mbali? Mwengine akamjibu palepale kuwa sisi ni jumuiya ya karafuu, si idara ya elimu. Watu wakacheka, kisha tukatawanyika. Tuliahidi kuwa jambo hilo tutaliandika humu, na leo twatimiza ahadi.

Kwanza tuitazame shida yenyewe. Elimu bila malipo ilitangazwa hapa kwetu tarehe 23 Septemba, 1964, na tangu hapo skuli zimefika mahali ambapo wazee wetu hawakudhani kuwa zitafika. Lakini nyumba ya skuli ni kitu kimoja, na mwalimu wa somo ni kitu chengine. Skuli yenye watoto wachache haiwezi kupewa mwalimu wake peke yake wa hesabu, na mwengine wa kemia, na mwengine wa fizikia. Watakaa bure nusu ya juma, na huku mjini madarasa yamejaa. Kwa hiyo kuwagawana walimu ni jambo la akili, na katika karatasi halina ubaya wowote. Ubaya wake uko majini na njiani.

Sisi tunaoandika haya tulisoma katika skuli ya namna hiyo, na jina lake tutaliacha. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa wa shirika baina yetu na skuli nyengine mbili. Katika ratiba iliyobandikwa ukutani alikuwa wetu Jumatatu na Jumatano, asubuhi. Sasa nyinyi nyote mwaijua bahari. Maji hayafuati siku za juma. Kila siku hujaa nyuma ya jana yake kwa kiasi cha dakika 50, na ikipita wiki moja mambo yamegeuka kabisa: Jumatatu hii saa moja asubuhi maji yamejaa pomoni, Jumatatu ijayo saa hiyohiyo yamekupwa na mashua imelala juu ya mchanga. Aliyeandika ratiba ile alikaa ofisini, wala hapana shaka alikuwa mtu mwema, lakini hakupata kungoja chombo. Muhula mmoja tulimwona mwalimu wetu mara nne. Tulimlaumu yeye, tukambandika na jina la utani ambalo hatuwezi kulitaja hapa. Baadaye sana ndipo tulipojua kuwa nauli alikuwa akiitoa mfukoni mwake, na kwamba mara nyingi alifika ufukweni akarudi. Mpaka leo twaona haya.

Chuoni, kwa Maalim wetu, hatukukosa somo namna hiyo. Maalim alikaa palepale mtaani, na mvua inyeshe au isinyeshe, ubao wako ulikungoja.

Tumeitaja tofauti hii kwa sababu ndiyo kiini cha shauri letu. Katika kusoma kwetu tumekuta nchi moja iliyoijaribu kazi hii zamani sana, nayo ni Wales, huko Uingereza, nchi ya milima, mvua, kondoo na wakulima maskini. Mwaka 1731 padri mmoja wa kijiji cha Llanddowror, jina lake Griffith Jones, alianzisha skuli za kuzunguka. Shabaha yake ilikuwa ndogo: watu wajue kusoma kitabu cha dini yao, kwa lugha yao wenyewe ya Kiwelshi, basi. Hakujenga majumba. Alikusanya vijana, akawafundisha kazi ya ualimu pale kijijini kwake, kisha akawapeleka kila mmoja mahali. Mwalimu alifika kijijini, akapewa kanisa au ghala au chumba cha mtu, akasomesha kila siku kwa muda wa miezi kama mitatu, halafu akafunga mzigo wake akaenda kijiji chengine. Mchana walisoma watoto, na usiku wakasoma watu wazima waliorudi kazini.

Na tazameni wakati walioutumia. Skuli zile zilifunguliwa zaidi katika miezi ya baridi, mashamba yakiwa yamelala, kwa kuwa wakati wa mavuno hakuna mkulima atakayemtoa mtoto wake. Hilo mwanachama wetu yeyote alifahamu bila ya kuelezwa. Karafuu zikiiva hazingoji, na mtoto akiwa hayupo juu ya mti, yupo chini anachambua makonyo au analinda majamvi na mvua.

Padri yule alipokufa mwaka 1761, ikiwa ni miaka 30 tangu kuanza, skuli zilizokuwa zimekwisha kufunguliwa zilipita 3,000, na watoto walioandikwa walipita 150,000. Watu wazima hawamo katika hesabu hiyo. Haya yalifanyika bila ya motokaa, na kwa walimu waliokuwa na mishahara midogo mno. Siri yake, kwa maoni yetu, ni kuwa mwalimu alifika akakaa. Hakuwa mtu wa kupita Jumatatu na Jumatano.

Lakini habari ya Wales haikwisha vizuri, na sehemu hii twaomba iangaliwe zaidi na wale wenzetu wanaopenda kushika mahesabu. Fedha za skuli zile zilitoka kwa wafadhili, na mkubwa wao alikuwa bibi mmoja tajiri, Bridget Bevan. Yeye ndiye aliyeziendesha baada ya padri kufa, mpaka naye alipofariki mwaka 1779. Aliacha wasia kuwa mali yake, kiasi cha pauni 10,000, iendelee kusomesha. Jamaa zake wakaupinga wasia. Kesi ikaingia mahakamani ikakaa zaidi ya miaka 20, fedha zimefungwa, na skuli zikafa wakati mali yake ipo. Sisi tunaojua maana ya wakfu hatuhitaji kuambiwa zaidi. Shamba la wakfu lisiloandikwa vizuri twajua huishia wapi, na wengine wetu tunayo majirani.

Tumesikia hoja kwamba mambo ya kuzunguka yamepitwa, kwani sasa kuna vyombo. Ni kweli kuwa vyombo vimefanya makubwa. Huko Alice Springs, katikati ya Australia, mwaka 1951 ilifunguliwa skuli ya hewani kwa redio zile zile za madaktari wanaokwenda kwa ndege, na watoto wa mashamba ya ng'ombe, yaliyo mbali mno na mji, wakawa wanamsikia mwalimu mmoja na kumjibu. Na katika visiwa vya magharibi ya Scotland, visiwa vya upepo na bahari mbaya kama tuijuavyo wakati wa kusi, tangu mwaka 2016 wana utaratibu waliouita e-Sgoil. Mwalimu akiwa Stornoway, au popote pengine, husomesha kwa intaneti watoto waliomo katika skuli mbalimbali wakati mmoja, nao humwona na kumuuliza. Skuli yenye wanafunzi wawili wa somo fulani hainyimwi tena somo hilo.

Hatuwezi kulidharau jambo hili. Kisiwa cha Pemba chenyewe kimepata umeme wa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na lisilowezekana jana huenda likawezekana kesho. Ila chombo chataka umeme usiokatika, na mtandao ulio madhubuti, na pia mtu mzima ndani ya darasa wa kuwatuliza watoto na kuona nani amefahamu na nani anaitikia tu. Mtoto wa darasa la tano anayekwama kwenye sehemu na asilimia anahitaji mtu ainame juu ya daftari lake. Karafuu mbichi kilo tatu hutoa kavu kama kilo moja. Kijana asiyeweza kuipiga hesabu hiyo atapunjwa kwenye mizani maisha yake yote, na wengi wao ndio hao wanaopanda mikarafuu yetu.

Hapo ndipo tunapomjibu mwenzetu aliyesema kuwa sisi si idara ya elimu. Amesema kweli. Kuajiri mwalimu, kumpangia na kumlipa mshahara si kazi yetu, wala hatuna ruhusa ya kujiingiza. Tunaloweza ni lile ambalo halina mwenyewe: kuvuka kwake na kulala kwake. Shauri la halmashauri ni kuwa tuwaendee wakuu wa elimu wa wilaya tuwaombe kwamba mwalimu wa shirika akae skuli moja wiki tatu mfululizo, kisha ahamie nyengine, akiacha mazoezi kwa walimu wenyeji mpaka zamu irudi. Zamu zipangwe kwa kalenda ya maji na ya mavuno. Na sisi tubebe nauli ya mashua na chumba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mwalimu huyu jembe lake ni chaki, kwa hiyo wenyeji wamwache.

Fedha ziwe fungu la peke yake katika daftari la jumuiya, zitiwe sahihi na watu watatu, zisomwe mbele ya mkutano kila mwaka, na zisiwe kwa jina la mtu yeyote, awe mwenyekiti, awe mfadhili, awe katibu anayeandika haya.

Kiasi cha mchango kwa kila gunia litakalouzwa msimu ujao hatukukiandika, kwa sababu hicho ni haki ya mkutano kukiamua. Tunaloliomba kabla ya siku hiyo ni hili: mwenye mashua iliyo nzima na anayeweza kuitoa siku ya mwalimu kuhama, na mwenye nyumba karibu na skuli yenye chumba cha kufungwa kwa kufuli, amjulishe mjumbe wa tawi lake. Na wenzetu wa visiwani watuletee majira ya kuvuka katika bandari zao, bamvua na maji mafu, yaandikwe na nahodha anayeyajua.