Kulala kambini kuona mbio za magari ya zamani: Haya ndiyo ya kujua wewe na mshikaji wako

Gari linalokimbia kilomita 120 kwa saa linakata mita 33 kwa sekunde moja. Yaani ukitumia sekunde tatu kufungua kamera ya simu, limeshasogea mita 100 kuja ulipo.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo ya kuwekwa kichwani kwanza na yeyote anayepanga wikiendi ya hema na rafiki kando ya barabara ya mbio. Mengine yote, kuanzia kuni hadi chandarua, yanafuata.

Mbio hizi ni zipi?

Mashindano makubwa ya magari ya zamani katika ukanda huu ni East African Safari Classic Rally. Yalianza mwaka 2003, miaka 50 baada ya Safari Rally ya kwanza ya 1953, iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili, mwishoni mwa mwaka. Makao yake ni Kenya, lakini matoleo kadhaa yamevuka mpaka na kuingia kaskazini mwa Tanzania.

Yanayoshindana humo ni magari ya enzi za babu: Datsun 240Z, Ford Escort, Porsche 911 na wenzao.

Tanzania nayo ina historia yake. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi nchini, alishinda Safari mwaka 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404.

Korogwe na Handeni zinaingiaje?

Ukitoka Dar kwenda Moshi kwa barabara kuu, unapita Mkata na Segera, zote za Handeni, kisha unaingia Korogwe. Mbele kidogo ni Mombo, njia panda ya kupandia Lushoto kwenye milima ya Usambara. Tope na kona za milima hiyo ziliwatesa madereva wa Safari ya zamani.

Enzi hizo mbio zilifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu. Mwaka 1968 ikawa hivyo hivyo, 7 tu.

Leo barabara ya Korogwe hadi Handeni ina lami. Mbio za aina hii hutafuta vumbi, kwa hiyo usitarajie kuona gari likiruka mbele ya stendi. Burudani iko kwenye njia za udongo za vijijini. Na kwa kuwa njia hubadilika kila toleo, angalia ramani rasmi ya waandaaji kabla ya kukata tiketi ya basi.

Zinakwendaje?

Magari hayatoki kwa pamoja. Kila moja linaanza peke yake, kwa kupishana dakika moja au zaidi, na anayetumia muda mdogo ndiye mshindi. Ndani kuna watu wawili: dereva, na msoma ramani anayemtajia kona inayokuja.

Zamani barabara hazikufungwa. Gari la mbio lilikutana na basi, lori na ng'ombe humo humo. Siku hizi vipande vya kushindania hufungwa, na kati ya kipande na kipande magari hufuata sheria za barabarani kama gari lingine lolote.

Simama wapi?

Gari likimshinda dereva kwenye kona, huchomoka kwenda upande wa nje. Kwa hiyo upande wa nje usikae kabisa, hata kama picha ni kali. Tafuta sehemu ya juu kuliko barabara, mbali na ukingo, yenye nafasi ya kukimbilia nyuma. Simama, usikae chini.

Hatari kubwa ni vumbi. Gari likishapita, watu hudhani njia iko wazi, wanavuka. La pili linakuja ndani ya wingu lile lile, na dereva haoni kitu. Ukiona watoto wa kijiji wanakimbilia barabarani baada ya gari kupita, wazuie.

Hili si la kutishana. Mwaka 1986 nchini Ureno gari la mbio liliingia kwenye umati na kuua watazamaji watatu. Watu walikuwa wamejipanga hadi barabarani.

Kambi je?

Usichomeke hema tu popote. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, jitambulisheni, mwombe mahali. Mashamba ya mkonge yana wenyewe, nayo yanahitaji ruhusa.

Usilale wala kuoga kando ya mto Pangani. Una mamba. Beba chandarua, maji ya kutosha na pawabenki. Mwisho wa mwaka ni msimu wa vuli, hivyo hema liwe sehemu iliyoinuka. Ukiwasha moto, fyeka nyasi kuuzunguka na uuzime kwa maji kabla ya kulala. Namba za dharura ni 112 kwa polisi na 114 kwa zimamoto.

Kwa nini watu wanajisumbua hivyo?

Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden alimaliza wa pili kwenye Safari akiwa na Porsche 911. Gari hilo halikuwahi kushinda Safari ya zamani. Mwaka 2011, akiwa na miaka 68, alirudi na Porsche 911 kwenye Classic, mwanawe Mathias akimsomea ramani. Wakashinda. Miaka mitatu baadaye mzee akafariki.

Wale wawili ndani ya gari wamegawana kazi: mmoja anaendesha, mwingine anamwambia kinachokuja. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Mmoja akipiga video, mwenzake aangalie barabara. Halafu mbadilishane.