Nzi Mwenye Mkonga wa Pwani Kavu

Askari aliyekaa kambini anamjua nzi kuwa ni adui. Jikoni hufukuzwa, chakula hufunikwa kwa ajili yake, na kuhara kunapozuka yeye ndiye mshtakiwa wa kwanza. Hatuna nia ya kumtetea nzi wa chooni. Hata hivyo jamaa ya nzi ni kubwa, na leo twapenda kuwajulisha wasomaji wetu habari za mmoja ambaye pasipo yeye mimea kadhaa ya mwitu haizai.

Nzi huyo hukaa katika nyanda za mchanga za pwani ya magharibi ya Afrika ya Kusini, kaskazini ya mji wa Cape Town. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi ni kikavu. Wataalamu humwita Moegistorhynchus longirostris. Mwili wake ni kama sentimita moja na nusu tu, lakini mkonga wake wa kunyonyea waweza kufika sentimita 8. Hawezi kuukunja kama afanyavyo kipepeo. Akiruka, huning'inia chini ya tumbo lake.

Mimea ipatayo 20 humtegemea. Maua yake yana shingo ndefu nyembamba, na maji matamu yamo chini kabisa, mahali ambapo nyuki hafiki. Nzi akisukuma kichwa ili ayafikie, hupakwa chavua, kisha huipeleka kwenye ua jingine.

Yumo na mlaghai. Okidi iitwayo Disa draconis ina mrija mrefu kama wenzake, lakini ndani hamna kitu. Nzi huingia, hutoka mtupu, na kazi ya okidi imekwisha fanyika. Mwaka 1997 wataalamu Steven Johnson na Kim Steiner walieleza jaribio lao: waliifupisha mirija ya baadhi ya maua hayo kwa kuifunga. Maua yaliyofungwa yalipata chavua kidogo na kuzaa matunda machache. Sababu ni nyepesi: mrija ukiwa mfupi, nzi hufika mwisho wake kwa ncha ya mkonga tu, na mwili wake haugusi ua.

Sehemu kubwa ya nyanda hizo imelimwa ngano na viazi, na miji inapanuka. Okidi hii imekuwa adimu. Mtu angedhani kwamba yatosha kuizungushia seng'enge na kuweka mlinzi. Lakini okidi haimlishi nzi wake. Chakula chake kimo katika maua mengine, yaliyo nje ya seng'enge, na funza wa jamaa yake hukua ndani ya miili ya wadudu wengine. Vikiondolewa hivyo, okidi iliyolindwa itachanua vizuri kila mwaka, na mpita njia ataisifu, ilhali haina mbegu hata moja.