Kurudia Kusoma Vitabu Ukubwani

Mwanafunzi wa Kiswahili chuo kikuu husoma riwaya, tamthilia na diwani kwa miaka kadhaa. Akishahitimu na kuajiriwa, mara nyingi hafungui tena kitabu cha hadithi isipokuwa kile kilichomo katika muhtasari wa shule. Katika makala haya tunaeleza kwa nini hali hii hutokea, kwa nini inatudhuru zaidi sisi wa Uganda, na jinsi mtu mzima anavyoweza kuyarudia mazoea hayo.

Sababu kubwa ni lengo la kusoma. Kitabu teule husomwa kwa ajili ya mtihani: nani alimwambia nani, taja dhamira tano, fafanua tamathali za usemi. Msomaji huzoea kuwinda majibu, na mtihani ukiisha, haja ya kusoma nayo huisha. Isitoshe, kuna miongozo. Mwalimu anayefundisha kitabu kilekile kila mwaka huishia kufungua mwongozo badala ya kitabu chenyewe.

Mwalimu wa Mombasa au Unguja akiacha kusoma, Kiswahili bado kitamfuata sokoni na barazani. Mwalimu wa Masaka au Gulu hana bahati hiyo. Nyumbani huzungumza Kiganda au Kiacholi, ofisini Kiingereza, na darasani wanaomsikiliza wanajua Kiswahili kidogo kuliko yeye. Asiposoma, misemo humtoka kwanza, kisha msamiati, mwisho hubaki na lugha ya kitabu cha kiada tu. Wala hatambui, kwa kuwa hakuna wa kumsahihisha. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo watakaorithi upungufu huo ni wengi.

Tufanyeje basi? Kwanza, tuanze na kitabu kinachovuta, si kinachosifiwa kwa ugumu. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) cha Muhammed Said Abdulla ni riwaya ya upelelezi. Msomaji hufunua ukurasa ili aone Bwana Msa atagundua nini. Siku Njema (1996) cha Ken Walibora na Kuli (1979) cha Shafi Adam Shafi navyo vinafaa.

Pili, tujiwekee kiasi kidogo kisichokosa. Kurasa 10 kila siku humaliza kitabu cha kurasa 150 kwa siku 15. Afadhali hizo kuliko kurasa 60 za Jumapili moja, kisha mwezi mzima bila kitu.

Tatu, tusikimbilie kamusi kwa kila neno. Tulipigie mstari kwa penseli, tuendelee, na tulitafute mwisho wa sura. Mara nyingi maana huwa imekwisha kujitokeza katika muktadha, na neno lililopatikana hivyo hukaa.

Nne, turudie kitabu tulichosomeshwa zamani. Rosa Mistika (1971) cha Euphrase Kezilahabi, kikisomwa na kijana wa miaka 20 anayeorodhesha dhamira, ni suala la malezi tu. Kikisomwa na mzazi mwenye mabinti, ukali wa Zakaria humgusa kwa namna nyingine kabisa.

Tano, kitabu kisichotupendeza tukiache. Hakuna atakayetutahini.

Mwisho, wanafunzi watuone tukisoma. Mwalimu anayesimulia darasani alipofikia katika riwaya yake hahitaji kuhubiri faida za kusoma; watamwuliza wenyewe kilichotokea baadaye. Haba na haba hujaza kibaba, nasi tunaweza kuanza na kurasa 10 za leo jioni.