Picha haina njeo

Katika sarufi ya Kiswahili, kitenzi hubeba njeo, yaani wakati wa tendo. Mafuriko "yalitokea", "yanatokea" au "yatatokea". Picha haina kiambishi hicho. Ukionyeshwa barabara ya Kisauni iliyogeuka mto, macho hayatakwambia kama maji hayo ni ya El Niño ya 1997 au ya mvua za Novemba 2023. Njeo ya picha imo katika maelezo yaliyo chini yake.

Kwa hiyo, gazeti likichapisha picha kongwe chini ya kichwa "Kisauni yafurika", hata kama halikugusa tone la maji, limesema uongo. Mzazi wa Changamwe mwenye jamaa huko atakesha kwa hofu bure, na siku maji yatakapokuja kwelikweli, onyo halitasadikiwa.

Uzito wa maelezo ulidhihirika Ayod, iliyoko sasa Sudan Kusini. Mnamo Machi 1993, Kevin Carter alimpiga picha mtoto aliyedhoofishwa na njaa, tumbusi akiwa nyuma yake. Gazeti la New York Times liliichapisha, na mwaka 1994 ikapata tuzo ya Pulitzer. Maelezo yalimtaja mtoto huyo kuwa msichana. Mwaka 2011 waandishi kutoka Uhispania walifika Ayod, na babaye akawaambia kuwa alikuwa mvulana na kwamba aliokoka njaa ile. Kwa miaka 18 ulimwengu ulimlilia mtoto usiyemjua.

Sisemi kamera zifungiwe. Bila picha za Mkenya Mohamed Amin kutoka Korem mwaka 1984, njaa ya Ethiopia ingalipuuzwa kwa muda mrefu zaidi. Lakini kanuni za uanahabari zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 ziliwaasa wahariri wasigeuze picha ikapotosha hali halisi, na zikashauri picha za majonzi na maafa ziepukwe. Mama wa Likoni anayeopoa godoro majini hajapoteza heshima yake pamoja na nyumba yake. Ana haki ya kuulizwa jina lake, na kama angependa kuonekana hivyo.

Walimu wenzangu, zoezi ni jepesi. Wapeni wanafunzi picha ya maafa iliyokatwa maelezo, kisha waulizeni: ni lini, ni wapi, ni nani, na je, aliombwa ruhusa? Watakaposhindwa kujibu, watafahamu kazi ya yale maneno machache ambayo aghalabu huyaruka.